Uwanja Ulifufukia Kwenye Gemu, Bili Ikaenda kwa Mlipakodi

Vijana wenzangu, wapo wanaotucheka. Wanasema kazi yetu ni kuchoma bando, kubishana mitandaoni na kurusha hashtegi, halafu usiku tunalala fofofo tukidhani tumepigana vita. Wengine wanaosema hivyo ni wazee wetu wenyewe, tena tunaowaheshimu. Leo sitawajibu kwa maneno makali. Nataka niwaletee wao na nyie kisa cha mbio za magari ambazo hazikuwa na gari hata moja, maana ndani yake kuna jibu lao, na kuna onyo letu sisi pia.

Mbio zenyewe zilifanyika tarehe 9 Mei 2020. Madereva walikuwa wamekaa majumbani kwao, mbele ya skrini, wameshika usukani wa gemu. Uwanja waliokuwa "wanakimbilia" unaitwa North Wilkesboro, uko katika kaunti ya Wilkes, jimbo la North Carolina, Marekani. Siku ile uwanja wa kweli ulikuwa umefungwa, jukwaa lina kutu, hakuna kinachoendelea. Miaka mitatu baadaye, Mei 2023, magari ya kweli yalikuwa yananguruma palepale mbele ya maelfu ya watu.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi mtandao umeshinda, tuendelee kuposti. Subiri kwanza.

Turudi nyuma. Uwanja wa North Wilkesboro ulifunguliwa mwaka 1947, kabla hata ya NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizi kule Marekani, kuanzishwa. Ni uwanja mdogo, mzunguko mmoja ni maili 0.625, yaani kama kilometa moja hivi. Cha ajabu chake ni kwamba haukusawazishwa. Upande wa mbele gari linateremka, upande wa nyuma linapanda. Mzee aliyeuendesha, Enoch Staley, alikuwa mtu wa hukohuko, na NASCAR ilipoanza ligi yake kubwa mwaka 1949, North Wilkesboro ilikuwa mojawapo ya viwanja vya msimu ule wa kwanza kabisa.

Na watu wa Wilkes hawakujifunza kukimbiza magari shuleni. Walijifunza kwa gongo. Sitanii. Milima ile ilikuwa maarufu kwa pombe ya kienyeji isiyolipiwa kodi, na aliyeisafirisha usiku alihitaji gari lenye mwendo kuliko la askari. Junior Johnson, dereva maarufu kuliko wote waliotoka kaunti ile, alifungwa jela miaka ya 1950 kwa kesi ya mtambo wa gongo, na Rais Reagan akaja kumsamehe rasmi mwaka 1986. Kwa hiyo mbio hizi ambazo leo zinadhaminiwa na makampuni makubwa zilizaliwa na walalahoi waliokuwa wanakimbia dola. Nimeona niliseme hili kwa sababu matangazo ya siku hizi huligusa kwa utani tu na kuliacha.

Sasa uwanja ulikufaje? Hapa ndipo penye somo, na ndipo watu wengi wanaposimulia haraka-haraka ili wafike kwenye raha ya mwisho. Haukufa kwa kukosa watu. Ulikufa kwa sababu ya kalenda.

Kwenye NASCAR mali yenye thamani siyo lami wala viti. Mali ni tarehe. Ukiwa na tarehe kwenye kalenda ya ligi kubwa, una hela za runinga, una tiketi, una wadhamini. Usipokuwa nayo, una zege na magugu. North Wilkesboro walikuwa na tarehe mbili kila mwaka, moja ya majira ya kuchipua na moja ya vuli. Mzee Staley alipofariki mwaka 1995, matajiri wawili wa viwanja vya mbio, Bruton Smith na Bob Bahre, wakanunua uwanja, kila mmoja nusu yake. Smith alikuwa anajenga uwanja mkubwa Texas. Bahre alikuwa na uwanja wake New Hampshire. Mbio za mwisho zilifanyika tarehe 29 Septemba 1996, akashinda Jeff Gordon. Mwaka uliofuata tarehe moja ilikuwa Texas, nyingine New Hampshire.

Yaani walinunua nyumba ili wachukue mlango na madirisha. Nyumba yenyewe wakaiacha isimame hivyohivyo, bila mtu. Mbio 93 za ligi kubwa zilikuwa zimefanyika pale, lakini hilo halikumzuia mtu.

Na mji ule haukuwa na bahati na vitu vingine pia. Lowe's, kampuni kubwa ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ilianzia North Wilkesboro, nayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikahamishia makao makuu Mooresville. Mwenye akili ya siasa anaelewa hii ina maana gani kwa kijana anayemaliza shule pale. Mahali panabaki na historia, ajira zinakwenda kwingine.

Sasa wale wanaosema mtandao peke yake ndio uliofufua uwanja, naomba wasome hapa vizuri. Kati ya 1996 na 2019 kuna wakazi ambao hawakunyamaza. Waliunda kikundi cha kuutetea uwanja, wakatafuta wawekezaji, wakaandika, wakapiga kelele kwenye ofisi za kaunti. Mwaka 2010 uwanja ulifunguliwa kidogo kwa mbio ndogondogo, mwaka uliofuata ukafungwa tena. Watu wazima wakaambiwa waache, zama zimepita. Miaka zaidi ya ishirini ya kuambiwa "haiwezekani". Ninyi mnaoingia humu kila siku mnalijua neno hilo.

Desemba 2019 ndipo mambo yakaanza kugeuka, tena hayakuanzia kwenye kompyuta. Yalianzia kwenye kufyeka.

Dale Earnhardt Jr., dereva aliyestaafu na mtoto wa dereva maarufu, alitaka uwanja ule uingizwe kwenye iRacing, gemu ya mbio inayotumiwa hata na madereva wa kweli kufanyia mazoezi. Gemu hiyo haichori uwanja kwa kubahatisha. Wanakwenda na mashine ya leza, wanaisimamisha sehemu mbalimbali za barabara, inapima mamilioni ya nukta mpaka inajua kila ufa na kila kituta. Tatizo ni kwamba leza haioni kupita magugu. Nyasi zikiwa zimeota kwenye nyufa za lami, mashine inahesabu kuwa nazo ni barabara. Kwa hiyo Earnhardt akaomba ruhusa kwa Marcus Smith, akakusanya watu wa kujitolea, wakaenda kufanya usafi. Walikwangua magugu, wakafagia, ndipo mashine ikapima.

Angalieni jina hilo la mtoa ruhusa. Marcus Smith ni mtoto wa Bruton Smith, yule aliyechukua tarehe moja akaipeleka Texas. Kampuni ya familia, Speedway Motorsports, ndiyo iliyobaki na uwanja. Tutarudi kwake.

Lengo la Earnhardt siku ile halikuwa kufufua uwanja. Lilikuwa dogo zaidi na la huzuni zaidi: sura ya uwanja ihifadhiwe kabla jukwaa halijaanguka. Mwezi huohuo Junior Johnson akafariki. Kilichokuwa kinaendelea pale kilifanana na kupiga picha ya mwisho ya marehemu.

Halafu ikaja Korona. Machi 2020 ligi ikasimamishwa, na runinga zikabaki na saa za matangazo bila kitu cha kuonyesha. NASCAR na iRacing wakaanzisha haraka ubingwa wa mtandaoni wa madereva walewale wa ligi kubwa, ukaonyeshwa na Fox. Mbio za kwanza zilikuwa tarehe 22 Machi. Ulikuwa ni ubingwa wa kujishikiza, mbio saba tu, lakini watazamaji walikuja: mbio za pili, za Texas, ziliangaliwa na zaidi ya watu milioni 1.3. Na aliyeshinda siku hiyo alikuwa Timmy Hill, dereva wa timu ya hali ya chini ambaye kwenye ligi ya kweli alikuwa hajawahi kushinda hata mara moja. Gari lako likiwa sawa na la tajiri, inabaki mikono. Mimi hiyo ndiyo mbio niliyoipenda kuliko zote saba, kusema ukweli.

Mtandao ulionyesha na ubaya wake pia. Aprili mwaka huohuo Kyle Larson, akiwa kwenye mbio nyingine za gemu nje ya ubingwa huo, alitamka tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi akidhani hasikiki. Alisikika. Ndani ya siku chache timu yake ikamfukuza. Wale wanaodhani mtandaoni hakuna gharama, wamuulize huyo.

Mbio za saba na za mwisho za ubingwa ule ndizo za tarehe 9 Mei, North Wilkesboro, mizunguko 160. Nimezitazama zote YouTube, tena kwa bando la usiku. Kimchezo hazikuwa za ajabu sana. Kulikuwa na kugongana, kulikuwa na kelele za watangazaji. Mwishoni Denny Hamlin akamsukuma Ross Chastain pembeni, akapita, akashinda. Wiki moja baadaye, tarehe 17 Mei, ligi ya kweli ikarudi Darlington, na ubingwa ule wa majumbani ukazimwa kama taa.

Lakini kitu kilichotazamwa siku ile hakikuwa Hamlin. Watu waliona uwanja ambao wengine wao walikuwa watoto ulipofungwa, na wengine hawakuwahi kuuona kabisa, umesimama mzima, umepakwa rangi, magari yanateremka upande wa mbele na kupanda upande wa nyuma. Hoja ya "haiwezekani" ilikuwa ngumu kuipinga kwa barua. Kwa picha ilipingika kwa saa mbili. Baada ya hapo swali lilibadilika. Halikuwa tena "kwa nini mnaung'ang'ania uwanja uliokufa?" Likawa "kama unapendeza hivi kwenye gemu, wa kweli unasubiri nini?"

Hiyo ndiyo kazi ambayo mtandao unaifanya vizuri, na wanaotucheka hawaielewi: kumfanya mtu aone kitu ambacho alishaamua kwamba hakipo. Chicago nako walifanya hivyo. Mwaka 2021 walijaribu mbio za mitaani kwenye gemu, watu wakacheka, na mwaka 2023 magari ya kweli yakapita katikati ya jiji.

Sasa turudi kwenye hela, maana hapo ndipo wengi wanapozima simu.

Picha haimwagi lami. Mei 2021 gavana wa North Carolina, Roy Cooper, alipendekeza sehemu ya fedha za serikali kuu za kujikwamua na Korona ziende kwenye viwanja vya mbio vya jimbo lake. Cooper ni wa Democratic, bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa Republican, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa. Kwa hili walikubaliana. Novemba 2021 bajeti ikasainiwa: dola milioni 18 kwa North Wilkesboro, milioni 13 kwa Charlotte, milioni 9 kwa Rockingham. Jumla milioni 40.

Mfikirie mtu aliyekaa kwenye kikundi kile cha wakazi miaka yote ile. Bila yeye, mwaka 2021 kusingekuwa na kitu cha kuombea hela. Wanasiasa hawabuni shauku ya watu, wanaikuta. Gemu ilileta macho, lakini kulikuwa na watu waliokuwa wameshika faili tayari. Mwanaharakati wa mtandaoni asiye na mtu wa kumpelekea faili kwenye kikao cha bajeti, atapata laiki nyingi na hatapata hata bomba moja. Nalisema kwetu sisi, humu ndani.

Lakini angalia ni nani aliyesimama upande wa pili wa meza kupokea faida ya hizo milioni 18. Ni kampuni ileile. Baba alinunua uwanja, akahamisha tarehe, akaacha kila kitu kioze kwa robo karne. Mtoto akatoa ruhusa ya kufyeka, akaonekana shujaa, na gharama za miundombinu, maji, majitaka na vinginevyo, zikabebwa na fedha za umma.

Simchukii Marcus Smith. Angeweza kukataa, angeweza kubomoa, na hakuna sheria ingemzuia. Amefanya jambo ambalo baba yake hakulifanya. Najua pia hoja ya upande wa pili, tena ni hoja ya maana: bomba la maji likishachimbwa linahudumia watu, hoteli zinajaa, mama lishe wa kule anauza, kijana anapata kibarua. Kaunti iliyopoteza karibu kila kitu ina haki ya kupata mgao. Ningekuwa mbunge wa jimbo lile nadhani ningeupigia kura ya ndiyo.

Ila ningeuliza kwanza. Anayepewa fedha za umma ili akarabati alichokiacha kiharibike, anatoa nini? Anasaini kwamba tarehe hazitahama tena bila wananchi kujua? Anaipa kaunti sehemu ya tiketi? Kama uwanja ulikuwa mali binafsi wakati wa kuufunga, unakuwaje urithi wetu sote wakati wa kuulipia? Hilo siyo swali la Marekani peke yao, ila leo nalibakiza kule kwao, kwa sababu wao wameshalipa na risiti ipo.

Agosti 2022 uwanja ukafunguliwa. Bruton Smith alikuwa amefariki Juni, miezi miwili kabla. Tarehe 31 Agosti mbio za ligi ndogo zikajaza jukwaa, na Earnhardt mwenyewe akaendesha gari, akamaliza wa tatu. Mei 2023 wakaletewa mbio za nyota wa ligi kubwa, juu ya lami ileile iliyomwagwa mwaka 1981. Aliyeshinda usiku ule ni Kyle Larson. Ndiyo, huyohuyo aliyefukuzwa kazi kwa mdomo wake kwenye gemu miaka mitatu nyuma. Alishasamehewa, alishapata timu, alishachukua na ubingwa. Wengine mnaweza kulijadili hilo mnavyotaka, mimi nasema tu kwamba alilipa gharama kwanza, jambo ambalo wakubwa wengi wenye midomo michafu hawalijui.

Baada ya hapo wakamwaga lami mpya. Mwaka 2024 wakati wa kukarabati jukwaa wakakuta uwazi chini ya zege, na wenye uwanja wakasema huenda palikuwa mahali pa kupikia gongo. Wilkes bwana.

Na ratiba ya 2026 ilipotangazwa, North Wilkesboro ikapewa mbio kamili za pointi, za kwanza tangu ile Septemba ya 1996. Watu walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Mbio za nyota, ambazo walikuwa nazo kuanzia 2023 hadi 2025, zikahamishiwa Dover, uwanja mwingine wa kampuni hiyohiyo. Bomba la maji la Wilkes liko ardhini, halihamishiki. Tarehe bado iko kwenye droo ya Speedway Motorsports.